Francis Imbuga: mwigizaji aliyewaandikia waigizaji

Mwenzetu ameuliza iwapo kuigiza katika televisheni humjenga mtunzi wa tamthilia au humpotezea muda tu. Nitamjibu kwa mfano wa Francis Imbuga, mtunzi wa tamthilia kutoka Kenya, ambaye kazi zake nimekuwa nikizielekeza jukwaani na wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi.

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 huko Maragoli, magharibi mwa Kenya, akasoma Alliance High School na kisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliandika na kuigiza michezo ya televisheni katika Voice of Kenya, shirika la utangazaji la serikali, enzi ambapo nchi nzima haikuwa na stesheni nyingine. Mchezo mfupi wa televisheni hauvumilii kuzungukazunguka: mhusika huingia akiwa tayari na jambo analolitaka, na mtazamaji sharti alitambue mara moja.

Nidhamu hiyo naiona wazi katika Betrayal in the City (1976), mojawapo ya tamthilia mbili zilizoiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, mjini Lagos mwaka 1977. Kila mwaka wanafunzi wangu hugombania nafasi ya Mulili, binamu yake mtawala Boss, kwa sababu Kiingereza chake ni cha kuombea maji na ukumbi humcheka kuanzia neno la kwanza. Anayemwigiza kwa vichekesho pekee hukwama mwishoni, pale Boss anapotekwa katikati ya mazoezi ya mchezo wa kumkaribisha mgeni, Mulili akamgeuka papo hapo, na kijana Jusper akampiga Mulili risasi. Huwa nawaambia wamwigize kama mtu aliyeshikwa na tamaa ya shamba na ng'ombe wa gredi. Kicheko kitakuja chenyewe, na usaliti utaaminika. Ni mtunzi aliyewahi kusimama mbele ya watazamaji tu, kwa maoni yangu, anayeweza kumwamini mwigizaji kiasi hicho.

Wapo wanaomlaumu kwamba alijificha nyuma ya mzaha na nchi ya kubuni ya Kafira, ilhali mwandishi mwenzake, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliwekwa kizuizini kwa sababu ya maandishi yake mwishoni mwa 1977. Lawama hiyo siikubali kikamilifu. Mzaha ulimwezesha kuendelea kuandika huku akifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, ingawa nakiri kwamba katika riwaya yake, Shrine of Tears (1993), wahusika huzungumza kana kwamba bado wako jukwaani, na msomaji huchoka.

Kwa hiyo, ndugu, ukipewa sehemu ndogo ya kuigiza, ichukue, hata kama ni ya mlinzi wa mlangoni. Kisha tafuta Aminata (1988), inayohusu mwanamke aliyerithishwa ardhi na babake na kupingwa na kakake mwenyewe. Isome kwa sauti pamoja na wenzako, mkigawana wahusika, na uweke alama kila mahali ambapo mtu anaingia.