Kabla hujaikuza picha, itafute ile ya asili

Nilitaka picha ya marehemu bibi ichapwe kwa ukubwa wa A3, itundikwe ukutani. Niliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 480 kwa 640 tu. Nikaipakia kwenye programu ya akili mnemba, nikachagua kukuza mara nane. Ikatoka safi, nywele unaweza kuzihesabu. Nikamwonyesha mama. Akaitazama, akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanya wake uko wapi?"

Programu ilikuwa imeuziba.

Hapo ndipo nilipokaa kupiga hesabu. A3 ikichapwa kwa pikseli 300 kila inchi inataka pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17. Yangu ilikuwa na laki tatu na kidogo. Kwa hiyo katika kila pikseli 57, moja ndiyo iliyotoka kwenye kamera; 56 ni za kukisia. Anayekuahidi kukuza picha bila kupoteza chochote anasahau kusema kwamba ambacho hakikunaswa lazima kibuniwe. Cha kuamua ni nani abuni, na kwa kiasi gani.

Njia ya zamani inayoitwa kubiki, utaikuta hata kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, hutazama pikseli 16 za jirani na kukadiria iliyo katikati yao. Haizushi kitu kipya, ila ukizidisha mara mbili hivi picha huanza kulainika kama iliyopigwa nyuma ya pazia. Akili mnemba ni habari nyingine. Programu kama Upscayl, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako, hutumia mifumo iliyofunzwa kwa picha chungu nzima, kisha hujaza kinachofanana na ilichowahi kuona. Kwa majani, mawe, kuta na manyoya ya paka naitumia bila wasiwasi. Kwa sura ya mtu au maandishi madogo, naiogopa. Mwaka 2020 programu ya PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama yenye pikseli chache. Ikatoa sura ya mzungu. Mwanya wa bibi ni jambo dogo hapo.

Ukilazimika kukuza, ondoa kwanza chembechembe na vile vijimraba vinavyoletwa na kubanwa kwa faili la JPEG, maana ukivikuza navyo vinakuwa vikubwa. Kunoa picha kuje mwisho kabisa. Na usidanganyike na kubadilisha DPI (idadi ya nukta kwa kila inchi) kutoka 72 kwenda 300 huku idadi ya pikseli ikibaki ileile: hujaongeza kitu, umebadilisha lebo tu. Nembo usiikuze kabisa. Ichore upya kwa vekta, yaani kwa mistari ya kihesabu isiyotegemea pikseli; programu ya kuchorea ya Inkscape inatosha. Bango la kutazamwa kutoka mbali nalo halihitaji pikseli 300 kwa inchi, hata 100 zinatosha. (Mimi niliwahi kukesha nikikuza picha ya bango bila sababu yoyote.)

Lakini dakika utakazotumia kusaka faili la asili zina faida kuliko programu yoyote. Picha nyingi tulizo nazo ni nakala: programu za ujumbe huzibana zinapotumwa, na picha ya skrini huchukua pikseli za skrini, si za kamera. Muulize aliyepiga. Mwombe aitume kama faili, si kama picha.

Ya bibi ilikuwa kwenye simu kuukuu ya binamu yangu, kioo kimepasuka, chaji haikai. Pikseli 2448 kwa 3264. Kufika A3 ilihitaji kukuzwa kama mara moja na nusu tu, nikatumia kubiki. Ukisogea karibu sana, nyuzi za kitambaa chake zimefifia kidogo. Safari hii mama hakuuliza kitu. Alikwenda kutafuta msumari.