Anakoroma, halafu kimya: maswali yenu kuhusu pumzi baada ya upasuaji

Nimechagua maswali manne. La pili nimelijibu kwa urefu, maana ndilo linalonikosesha usingizi mimi mwenyewe ninapokuwa zamu.

Daktari, mume wangu anafanyiwa operesheni ya ngiri mwezi ujao. Anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni, na usiku pumzi humkatika kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Niseme, au nitaonekana namchongea? (Mama wawili, Tanga)

Sema, dada, tena kabla hajalazwa. Yeye hawezi kutueleza, maana wakati huo amelala. Shahidi ni wewe. Hiyo ni dalili ya apnia ya usingizi: koo linalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba, ndipo ubongo unamshtua apumue. Dawa za nusu kaputi, na za maumivu za jamii ya mofini, hulegeza koo zaidi na kuufifisha mshtuko huohuo unaomwokoa kila usiku.

Sisi hutumia maswali manane yaliyochapishwa mwaka 2008 na Frances Chung na wenzake wa Toronto. Je, anakoroma kwa sauti? Anachoka mchana? Ameonekana akikatika pumzi? Ana presha? Uwiano wa uzito na urefu wake (BMI: kilo zake gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) unazidi 35? Umri unazidi miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Majibu matatu ya ndiyo yanatosha kutufanya tujipange. Yakifika matano, hatari ni kubwa. Azima futi ya fundi cherehani umpime shingo leo. Kwa ngiri, mara nyingi tunaweza kumchoma sindano ya mgongoni badala ya kumlaza kabisa, lakini hilo hupangwa mapema, si mlangoni mwa thieta.

Nilimuuguza mama baada ya kutolewa kizazi. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, kimashine cha kidoleni kinasoma 97, amelala fofofo anakoroma. Nesi akamtikisa, akamwamsha, akamketisha, akasitisha dozi ya sindano ya maumivu. Kwa nini amsumbue na namba ni nzuri? (Kijana wa Morogoro)

Nesi huyo ningempa mkono. Kile kimashine, ambacho kanuni yake iligunduliwa na Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970, hupitisha mwanga kidoleni na kusoma oksijeni iliyomo kwenye damu. Hakijui mgonjwa anavuta pumzi ngapi, wala kama hewa chafu inatoka. Ukimwongezea oksijeni, namba inaweza kubaki nzuri muda mrefu huku pumzi zikipungua na kaboni dioksaidi ikijaa mwilini, nayo humzidishia usingizi. Namba ikianza kushuka, mmeshachelewa. Ipo mashine ya kapnografia inayopima hewa anayotoa na kupiga kelele mapema, lakini wodi zetu nyingi hazina. Kilichobaki ni macho, mkono na saa.

Namkumbuka mgonjwa mmoja, saa nane usiku, namba 96. Kifua kilikuwa kinabonyea huku tumbo likipanda, kama mtu anayevuta hewa kwenye mrija ulioziba. Nikaweka mgongo wa mkono wangu puani: hakuna upepo. Nikainua taya lake, hewa ikaingia kwa kishindo. Ndugu yake aliyeketi pale aliniambia, "Tulimwacha apumzike." Hakukosea kwa uzembe, hakuna aliyemweleza.

Kwa hiyo hesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, maana anayenyamaza sekunde ishirini atakupita. Mtu mzima zikiwa chini ya kumi, ita nesi. Ukimwita akafumbua macho kisha akasinzia katikati ya sentensi, ita nesi hata kama pumzi ni kumi na nne, kwa sababu usingizi mzito mara nyingi hutangulia. Asipoamka kabisa, piga kelele. Dawa ya kuzimua mofini ipo, naloksoni, ila lazima mtu agundue kwanza. Na asilazwe chali: inua kichwa cha kitanda au mlaze ubavu, daktari wa upasuaji akiruhusu.

Nimepaka piko kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na upasuaji ni Jumatatu. Lazima nilitoe? (Bibi harusi mtarajiwa, Unguja)

Piko jeusi na rangi nzito ya kucha vinaweza kuuzuia ule mwanga wa kimashine cha kidoleni. Hina nyekundu kwa kawaida haina neno. Tuachie kidole kimoja safi, au tutabana sikioni. Nyongeza: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha vipimo hivi hukosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Kwa ngozi zetu, 92 isimpe mtu utulivu.

Mwanangu wa miaka minne ametolewa tonses na nyama za pua. Analia kwa maumivu, na nyumbani nina dawa ya kikohozi yenye kodeini. Nimpe kidogo? (Baba, Nakuru)

Usimpe hata tone. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na wapo watoto ambao miili yao huigeuza kwa kasi kupita kiasi. Nchi jirani ya Ethiopia ina watu wengi wa namna hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya watoto kufa kwa kukosa pumzi kufuatia upasuaji huohuo. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama ilivyoandikwa. Na usidhani kukoroma kumekwisha kwa kuwa nyama zimetoka: usiku wa kwanza koo limevimba. Lala naye chumba kimoja, taa ndogo ikiwaka, shati lake likiwa wazi uone kifua. Akinyamaza katikati ya kukoroma, kifua kikawa kinahangaika bila hewa kuingia, mwamshe, mkalishe, kisha mrudisheni hospitali usiku huohuo.