Kwa marubani wa meli: barakoa ina mahali pake, na si kwenye ngazi ya kamba

Wiki iliyopita kijana anayesomea urubani wa meli, yaani kazi ya kuipanda meli ikiwa bado baharini na kuiongoza hadi bandarini, aliniandikia: "Kapteni, kukiwa na mlipuko wa maradhi, nivae kila kitu nikiwa bado botini?" Swali hilo linanichoma tangu 2020.

Machi 13 mwaka ule Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, meli hazikuacha kuingia Kilindini, bandari ya Mombasa. Sisi tukaendelea kuzipokea nje ya miamba na kuingia vyumba vya usukani vyenye mabaharia wa kila taifa. Tukaletewa mavazi ya hospitali: ovaroli nyeupe zenye kofia, miwani, barakoa nzito, glovu laini. Lakini muuguzi hapandi ngazi ya kamba kutoka botini hadi melini.

Kanuni za kimataifa zinaruhusu kuipanda ngazi hiyo hadi mita 9. Wakati wa kusi unaidaka ngazi boti ikiwa juu ya wimbi, unapanda upesi boti isije ikakufuata na kukubana miguu. Jicho ndilo linalopima. Sasa pumzi inatokea juu ya barakoa, miwani inaingia ukungu, kidato hukioni. Barakoa ikilowa inakunata puani palepale unapohema. Glovu zinateleza. Baya zaidi ni ovaroli kuvaliwa juu ya jaketi la kuokoa maisha: ukianguka, jaketi linajaa hewa ndani ya zipu iliyofungwa, halina pa kufunukia.

Nilikataa kupanda hivyo. Nikaitwa mkaidi mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe, na neno lile halijanitoka. Nilikuwa na haki, na leo nasema hivyohivyo.

Basi mwanangu, jaketi liwe juu ya kila vazi. Panda na glovu za kazi zinazoshika, uso wazi; pale nje upepo unapita. Barakoa ikae mfukoni, imefungwa vizuri, uivae ukishakanyaga sitaha na kutakasa mikono. Kwenye usukani omba milango ifunguliwe na watu wapunguzwe. Tumia redio yako. Amri ya usukani itoe kwa sauti kubwa kuliko kawaida, umsikilize mshika usukani akiirudia neno kwa neno, kwa kuwa barakoa inameza maneno na feri za Likoni zinakatiza mbele yako.

Anayekulazimisha uvae vyote tangu botini, mwalike mpande pamoja siku moja ya Julai.