Bosi peke yake haoni kazi yote

Dada mmoja wa Mwanza amenitumia ujumbe: ofisini kwao kila mtu sasa atapimwa na wenzake, na usingizi umemkimbia. Dada yangu, nakuelewa. Kwenye kampuni niliyofanyia kazi zamani, maoni ya wenzangu yalisomwa kwa sauti mbele ya kikao kizima. "Anajifanya anajua kila kitu." Bosi alikuwa anasoma huku anatabasamu. Ile haikuwa tathmini, nilivuliwa nguo hadharani, na mpaka leo inaniuma.

Lakini njia yenyewe ninaitetea. Wengi wetu tulizoea mtindo wa OPRAS, mfumo wa kupima utendaji kazi ulioanza 2004 kwa watumishi wa umma Tanzania: wewe na msimamizi wako, fomu, sahihi, basi. Msimamizi anaona upande mmoja tu wa kazi yako.

Sasa hivi nasimamia ghala. Karani wetu wa stoo alikuwa anakaribia kuondolewa, maana meneja alishaandika kuwa ni mzito na mizigo inachelewa kutoka. Nikaomba kwanza tuwasikie wanaofanya naye kazi: madereva, mhasibu, wauzaji, mlinzi wa getini. Majibu yalichapwa, hayakuwa na majina, na maswali yalikuwa matatu: aendelee na nini, aache nini, aanze nini.

Karibu wote walisema jambo lile lile. Hati za kutolea mzigo kijana anazimaliza asubuhi na mapema, kisha zinalala mezani kwa meneja zikisubiri sahihi hadi saa sita mchana. Kosa lake pia lilikuwepo: akihesabu mali hapokei simu. Karatasi moja ilikuwa matusi matupu, nikaitupa. Mizigo midogo akaruhusiwa kuisaini mwenyewe, simu akashika msaidizi. Siku hizi malori yanaondoka kabla ya saa tatu, na ninajivunia hilo, sifichi.

Wakuu wa idara, jamani, acheni kuuliza mtu yukoje. Ulizeni anafanya nini. Sauti moja inaweza kuwa chuki. Jambo likirudiwa na watu wasiokaa meza moja, lichukueni. Mpeni mhusika maoni hayo faraghani, achague jambo moja la kurekebisha, kisha rudini kuwauliza wale wale kama wameona tofauti.

Na wewe dada, kabla hujajaza fomu, waulize watu wa rasilimali watu: majibu atayaona nani, na je, yanagusa mshahara? Kama yanagusa, marafiki watapeana alama na maadui watakomoana. Omba angalau mwaka wa kwanza mshahara ukae pembeni.