"Elfu mia na moja" ni ngapi?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita hapa Nachingwea aliulizwa kama elfu mia na moja ni namba tasa. Akaandika: "Ndiyo, kwa sababu ni witiri." Akawekewa kosa, akaambiwa namba hiyo ni shufwa. Nani kakosea?

Jibu: Marahaba, mama. Kwenye tasa mtoto kakosea. Witiri ni namba ambayo ukiigawa kwa 2 inabaki 1; shufwa haibakishi kitu. Anayeswali witiri baada ya isha anajua rakaa zake hazimalizikii shufwa. Tasa ni asiyezaa, na namba tasa haina kigawo ila 1 na yenyewe. Basi 9 ni witiri na si tasa. 2 ni tasa na ni shufwa.

Kwenye witiri na shufwa, kosa ni la aliyetunga swali, na kosa hili linakera kila mwaka. "Elfu mia na moja" ni namba mbili zilizovaa kanzu moja. Ukiifunga "na moja" kwenye mia, maelfu yanakuwa 101, yaani 101,000: shufwa. Ukiiacha moja isimame peke yake, unapata 100,001: witiri. Mtoto kasoma hii, msahihishaji kasoma ile.

Tasa haimo kokote. 101,000 inaishia na sifuri, imekwisha. 100,001 ndiyo inayodanganya. Kutoka kulia, jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano: 1. Kisha ya pili, ya nne na ya sita: 1. Tofauti ni sifuri, kwa hiyo 11 inaigawa: 11 × 9,091. Hiyo 9,091 ndiyo tasa. Ijaribu kwa namba tasa zote 24 kuanzia 2 hadi 89, hakuna inayoingia, na 97 × 97 imeshaipita.

Pesa ndiyo iliyotulea vibaya. Sokoni "elfu ishirini na tano" ni 25,000, kwani nani anadai shilingi tano? Lakini nenda kwenye mizani ya korosho. Karani akitangaza "kilo elfu mia na moja", ni tani 101, au tani 100 na kilo moja? Hapo katikati pana kilo 999, magunia 12 na ushee ya kilo 80. Hayo ni jasho la watu!

Dawa tunayo: laki. Wapo wanaoifuta madaftarini eti ni neno la dukani, la Kihindi. Mia na elfu ni za Kiarabu, milioni imetoka Ulaya. Mbona hizo hawazifuti? Laki moja na moja. Laki moja na elfu moja. Hakuna wa kugombana. Chini ya laki, tanguliza idadi: ishirini na tano elfu.

Mama, rudisha daftari shuleni, umwombee mtoto alama ya witiri. Ile ya tasa asiidai.