Bila Shahada, Kazi Gani Inalipa? Majibu kwa Wasomaji

Wengi mlioniandikia safari hii mmemaliza sekondari na chuo kikuu hakipo kwenye ratiba, ama kwa alama, ama kwa ada, ama kwa kutotaka tu. Nimechagua maswali manane.

Alama zangu hazikutosha kuingia chuo kikuu. Naomba orodha ya kazi zinazolipa vizuri bila shahada.

Orodha peke yake itakupoteza. Fundi umeme mmoja anajenga nyumba, mwingine mwenye kazi hiyo hiyo anakopa nauli. Mara nyingi kinachowatenganisha ni kama ujuzi wao umepimwa na mtu ambaye hata mgeni anaweza kumwamini. Kwa hiyo kabla hujaipenda kazi yoyote, uliza mambo mawili: nani anapima ujuzi wake, na baada ya hatua ya kwanza kuna hatua gani ya pili? Kazi isiyo na hatua ya pili itakubakiza pale pale, hata kama pesa ya kuanzia inavutia.

Kwa kipimo hicho mimi ningetazama umeme wa majengo na viwanda, majokofu na viyoyozi, uchomeleaji wa mabomba, ufundi wa lifti, ubaharia na uongozaji wa ndege, yaani kuzielekeza kwa redio ukiwa ardhini, si urubani. Wa lifti husahaulika kabisa. Huko Marekani fundi wa lifti wa kipato cha kati anapata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na njia ya kawaida ya kuingilia ni uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini. Anashika umeme, mitambo na uhai wa watu kwa wakati mmoja, na walio tayari kushinda ndani ya shimo la lifti ni wachache. Kuhusu ndege, zipo nchi zinazochukua wahitimu wa sekondari, zinawapima wepesi wa akili, kisha zinawafunza zenyewe. Viwango vya ICAO, shirika linalosimamia usafiri wa anga duniani, vinataka mwongoza ndege awe ametimiza miaka 21 kabla ya kupewa leseni, afaulu vipimo vya afya, na kama anaongoza kwa Kiingereza, kiwe kimefika ngazi ya 4 kati ya 6.

Hakuna hata moja kati ya hizo isiyo na masomo. Ukikimbia chuo kwa sababu umechoka kusoma, hapa pia utasoma.

Nachomelea mageti na madirisha. Mafundi wamejaa, bei inashuka kila mwaka. Niache?

Usiache, hamia kwenye mabomba. Geti likichomelewa vibaya hupigwa rangi na maisha yanaendelea. Bomba la mvuke au la gesi likichomelewa vibaya watu hufa, ndiyo maana mwenye bomba yuko tayari kulipa, na ndiyo maana hakuamini kwa maneno.

Mtihani unaoheshimika zaidi huitwa 6G. Bomba hufungwa likiwa limelala kwa nyuzi 45 na haliruhusiwi kugeuzwa, kwa hiyo wewe ndiye unayelizunguka: unaanzia chini ukiwa umeinua uso, unapanda ubavuni, unamalizia juu, na mkono hauruhusiwi kutetemeka unapobadilisha mkao. Baadaye kazi yako hupigwa eksirei, au hukatwa vipande vikapindwa kuona kama vitapasuka. Msimamizi hana haja ya kujua ulisoma wapi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vyeti vya aina hii havidumu milele. Kwa kiwango cha kimataifa cha wachomeleaji kiitwacho ISO 9606-1, kila miezi 6 lazima ithibitishwe kwamba bado unafanya kazi hiyo, la sivyo cheti kinalala. Kwa hiyo usilipie mtihani leo kama kazi yenyewe utaipata baada ya mwaka.

Na vaa barakoa yenye kichujio. Moshi wa kuchomelea umewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mafundi wakongwe watakucheka. Waache wacheke.

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 19, nataka ufundi wa majokofu na viyoyozi. Nyumbani wanasema ni kazi ya kiume, tena ya wasiopenda kutumia akili.

Marahaba, mwanangu. Hilo la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa hiyo nianze nalo.

Mwangalie fundi mzuri akiunga bomba la shaba. Kabla ya kuwasha moto anapitisha gesi ya naitrojeni polepole ndani ya bomba, maana bila hivyo shaba hutoa magamba meusi kwa ndani, magamba yale husafiri hadi yazibe njia, na mteja ataambiwa kompresa ni mbovu kumbe fundi ndiye mbovu. Akimaliza kuunga, anajaza shinikizo kutafuta uvujaji. Kisha anafunga pampu ya kuvuta hewa na unyevu, anaizima, anakaa akitazama geji: mshale ukirudi juu, bado kuna tundu au maji. Mwishoni anaweka mtungi wa gesi juu ya mzani na kujaza gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, si zaidi. Yule wa kubahatisha anajaza tu mpaka bomba lishike barafu, anapokea hela yake na kuondoka.

Halafu gesi zenyewe za kupozea zinabadilika. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianza kuziondoa zile zinazokula tabaka la ozoni, na marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanapunguza nyingi zilizochukua nafasi yake kwa kuwa zinaongeza joto la dunia. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia isobutani, ambayo inawaka. Fundi aliyekariri anakuwa hatari jikoni kwa mtu, na fundi anayesoma anatafutwa. Unaona akili inapoingia?

Kuhusu uzito, sikufichi: kuna mashine zinazohitaji watu wawili au mashine ya kunyanyulia. Wanaume pia huzinyanyua wawili wawili, au huumia migongo. Chagua chuo cha ufundi chenye karakana inayofanya kazi. Nenda ukaione siku ya masomo, na uwaulize wanafunzi mara ya mwisho wameshika mashine lini.

Kuna kozi ya miezi 3 ya kuandika programu, wanasema nikimaliza kazi ipo. Nijiunge?

Waombe wakukutanishe na waliomaliza mwaka jana, si waliochaguliwa kwa ajili ya tangazo. Wakisita, umepata jibu. Kuandika programu bila shahada kunawezekana, lakini mlango wa kwanza umejaa watu, na kazi ndogo ndogo walizokuwa wakipewa wanaoanza sasa zinafanywa kwa akili mnemba. Mimi ningeanzia kwenye mitandao ya kompyuta. Cheti cha mitandao kiitwacho CCNA, cha kampuni ya vifaa vya mitandao ya Cisco, hupatikana kwa mtihani mmoja, hakidai shahada, kinadumu miaka 3, na programu ya mazoezi iitwayo Packet Tracer hutolewa bure. Waya ukikatika au ruta ikifa, lazima mtu afike pale.

Wakala ameniahidi kazi melini. Anataka nimlipe kwanza "ada ya nafasi".

Usilipe. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kujigharamia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Zaidi ya hapo utahitaji mafunzo ya msingi ya usalama yanayotakiwa na STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama kazini. Hayo unayalipia chuo kinachotambuliwa na mamlaka ya bahari ya nchi yako. Huyo wakala hahusiki nayo.

Binti yangu ana nafasi ya chuo kikuu lakini anang'ang'ania ufundi. Nimlazimishe?

Mzazi mwenzangu, akitaka udaktari au uanasheria mlazimishe, maana huko hakuna njia ya mkato. Vinginevyo msikilize. Uswisi ni nchi tajiri, na takribani theluthi mbili ya vijana wake wakimaliza elimu ya lazima huingia mafunzo ya kazi, siku kadhaa kazini na siku moja au mbili darasani. Sergio Ermotti, mkuu wa benki ya UBS, alianza kama mwanagenzi wa benki. Ila huko mfumo umeacha mlango wazi: mwenye cheti cha ufundi anaweza baadaye kusoma hadi shahada. Hilo ndilo la kuuliza hapo ulipo. Kama cheti atakachopata kinamruhusu kurudi darasani akitaka, hajapoteza kitu. Kama anakimbia hesabu, mwambie mapema kuwa fundi umeme hukokotoa kila siku.

Mwaka wa pili huu niko kwa fundi. Ananituma vitu, ananifanyisha usafi, kazi yenyewe naiona kwa mbali.

Kutumwa miezi ya mwanzo ni sawa. Mwaka wa pili wewe ni kibarua wa bure. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linataka uanagenzi uwe na mkataba wa maandishi, malipo, na orodha ya yale utakayofundishwa. Huenda fundi wako hajawahi kulisikia, kwa hiyo usiende na namba. Nenda kwa adabu, umwambie: "Mzee, mwezi huu naomba unikabidhi kazi moja niifanye mwanzo hadi mwisho, wewe uikague." Akikataa mara mbili, tafuta fundi mwingine kabla hujaaga.

Nafanya umeme wa majumbani tangu nikiwa mdogo, sina cheti hata kimoja. Nirudi darasani na watoto?

Si lazima. Nchi nyingi zina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: mtathmini anakukagua ukifanya kazi, anakuuliza maswali, unapewa cheti. Kwa vitendo utapita. Wenye historia kama yako huanguka kwenye sababu: kwa nini waya wa unene huu, kwa nini swichi hii ya kinga na si ile, unahakikishaje kwamba umeme umekatika kabla hujagusa. Hayo yasome kwanza. Wakati huo huo kusanya picha za kazi ulizofanya, zenye tarehe, na barua fupi kutoka kwa wateja. Barua ndizo uanze nazo, kwa kuwa wateja huhama na namba zao hubadilika.