Kabla hujamshika sungura: ushauri kwa aliyepewa kemikali ya kupima jicho

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupima kemikali za viwandani kwenye macho ya sungura. Haya nawaandikia wanaopangiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, na wale wa kiwandani wanaotia saini fomu ya kuagiza kipimo. Ombi langu ni moja: litafute jibu kwenye makaratasi na kwenye chupa kwanza. Mara nyingi limo humo, na mnyama hana haja ya kuguswa.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Tuliletewa kimiminika cha kuondolea grisi kwenye mashine, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) 11.2, yaani alkali. Mwongozo namba 405 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), ambao ndio maabara nyingi hufuata, unasema kemikali yenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, isitiwe jichoni, kwa sababu inatarajiwa kuunguza. Yetu ilikuwa imebakiza 0.3 tu kufika kwenye mpaka. Tukahesabu kwamba tumeruhusiwa.

Tulitia mililita 0.1 kwenye jicho moja la sungura mmoja mweupe, tukaziba kope kwa sekunde moja hivi, kama utaratibu unavyotaka. Alifumba jicho, akawa analisugua kwa mguu wa mbele. Baada ya saa 24 konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ilikuwa nyeupe pe, hata ile duara yenye rangi nyuma yake haikuonekana. Hiyo ni alama 4, ya juu kabisa. Saa ya 72 haikuwa imebadilika, na mnyama akauawa bila mateso zaidi, maana ukungu wa namna ile ukidumu siku mbili hakuna cha kusubiri.

Wiki chache baadaye muuzaji wa malighafi alitutumia matokeo ya zamani ya kipimo cha ngozi: mchanganyiko uleule ulikuwa umeshaonekana unaunguza ngozi. Kitu kinachounguza ngozi huhesabiwa moja kwa moja kuwa kinaharibu jicho. Yule sungura hakutufundisha lolote jipya. Bado namkumbuka, na sioni sababu ya kumsahau.

Kwa hiyo anza na muuzaji. Usiridhike na karatasi ya taarifa za usalama iliyoandikwa neno moja tu, "inawasha". Omba data iliyozaa neno hilo. Kisha pima pH, na usiishie kwenye namba: idondoshee asidi kidogo kidogo uone inashuka kwa kasi gani. Kimiminika kinachong'ang'ania pH yake hata baada ya asidi nyingi kitafanya vivyo hivyo kwenye machozi. Na ogopa alkali zaidi. Asidi ikigusa konea hugandisha protini za juu, na mgando huo huizuia kidogo isizame. Alkali huyeyusha mafuta ya seli ikazidi kupenya hadi ndani ya jicho. Ndiyo maana mfanyakazi aliyerukiwa na alkali anaoshwa kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 au zaidi, kabla ya kuuliza chochote.

Ukishamaliza makaratasi na bado hujui, kuna vipimo visivyohitaji mnyama wa maabara. Ninachokipenda ni kile cha konea za ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama, mwongozo namba 437. Konea inashikizwa kwenye kifaa, kimiminika kinakaa juu yake dakika 10, kisha unapima mwanga kiasi gani umezuiwa na rangi ya fluoreseini kiasi gani imepenya. Alama ya vyote viwili pamoja ikizidi 55, ni madhara makubwa. Ikiwa 3 au chini, kemikali haihitaji onyo la macho. Katikati hapo kipimo hakisemi kitu, na ndipo unapokiongezea kingine, kwa mfano kile cha tishu ya konea iliyooteshwa kwa seli za binadamu, namba 492.

Watu huniambia kwamba sungura ndiye kipimo cha kweli na hivi vingine ni makadirio. Sikubaliani. Utaratibu wa alama tunaoutumia ulichapishwa na John Draize na wenzake nchini Marekani mwaka 1944, na mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walionyesha kwamba maabara mbalimbali zikipewa kemikali zilezile hutoa majibu yanayopishana mno. Alama zinatolewa kwa macho ya mtu: wekundu huu ni 1 au ni 2? Tena jicho la sungura si letu. Konea yake ni nyembamba zaidi, anapepesa kwa nadra, na ana kope ya tatu. Yeye naye ni makadirio.

Ikibidi kabisa, yaani mamlaka imekataa njia nyingine zote kwa maandishi, basi anza na mnyama mmoja, na dawa za maumivu zisikosekane. Tangu mwaka 2012 mwongozo unazitaka: buprenofini saa moja kabla, matone ya ganzi dakika tano kabla, kisha dozi za kuendelea kuanzia muda wa saa nane baada ya kemikali kutiwa. Tia ganzi macho yote mawili, kwa sababu lile lisilotiwa kemikali ndilo la kulinganishia. Sungura wangu alikuja kabla ya hapo, hakupewa hata tone. Msimamizi akikwambia ganzi itaharibu matokeo, mfungulie ukurasa.

Na ripoti ikifika mezani, iwe mpya au ya miaka 30 iliyopita, ruka jumla ya alama. Jumla ya Draize inafika 110, na 80 kati ya hizo ni za konea, lakini lebo za leo haziitumii. Tazama safu ya kila mnyama kwa saa 24, 48 na 72. Konea yenye wastani wa 3 au zaidi kwa wanyama wawili kati ya watatu inaingia kundi la 1, madhara makubwa. Kisha tazama siku ya mwisho ya uchunguzi. Dalili zinatakiwa kufuatiliwa hadi siku ya 21, maana kisichopona kufikia hapo nacho ni kundi la 1. Safu hizo zikiwa zimekamilika, ambatanisha ripoti kwenye faili na uandike kwenye fomu ya maombi: kipimo kipya hakihitajiki.